Picha Moja, Sauti Mbili

Sijasahau siku ile mdudu aliponiingia sikioni, nikiwa mtoto wa kuvaa kikoi cha kurithi. Nalipiga kelele mtaa wetu wa Kibokoni mzima. Bibi akanilaza mapajani, akanitilia mafuta ya nazi yenye joto kidogo, mdudu akatoka akielea. Majirani wakaja kumtazama kama mgeni wa heshima. Tangu hapo nikajiona sikio langu limesafika kuliko masikio ya watu wote, na nikisikia jambo, basi ndivyo lilivyo. Ujinga huo, mwanangu, nalikua nao mpaka ndevu zikaota.

Hasira niliyo nayo leo yatoka hapo. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekukasirikia wewe. Ingawa na wewe pia, kidogo.

Nalikuwa na rafiki, Hamisi, Mdigo wa Kwale, fundi katika karakana ya reli. Alikuwa ameleta posa kwetu, amtaka dadangu Zuhura, na Zuhura amtaka. Baba hakuwa na neno. Alibakisha kuniuliza mimi tu, maana mimi ndiye niliyemjua tabia.

Wiki hiyo mjini palikuwa na picha moja ya Kihindi, kila mtu aililia. Mimi naliitazama thieta kuukuu, Hamisi akaitazama thieta mpya. Tukakaa barazani na wenzetu, kahawa mkononi, tukaisimulia. Kuna mahali mwana apanda gari la moshi, mamake abaki. Hamisi akasema, "Pale mama alipomwita jina mara tatu, nalishindwa."

"Mama gani aliyeita? Pale ni honi ya gari la moshi tu."

"Aliita. Sauti ilitoka nyuma yangu."

"Nyuma yako! Mama yuko mbele kwenye pazia, sauti itoke nyuma yako? Huyo ni muuza njugu, bwana wee, ataka ununue!"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hamisi akasema polepole, "Wallahi nalisikia." Nami, kwa kuwa nimechekesha, nikazidi: "Na kiapo juu yake!"

Alasiri hiyo hiyo baba akaniuliza, "Hamisi ni msema kweli?"

"Mwongo, baba. Aapa kwa uongo."

Posa ikarudishwa. Kwa picha, mwanangu! Kwa picha! Zuhura aliolewa baadaye, mume mwema, lakini mimi hakunitilia chai kwa mkono wake tena mpaka anazikwa.

Sasa sikiza. Mwezi uliopita mjukuu wangu Rukia, mtu mzima na kazi yake ya kurekodi sauti za maharusi, aliniletea picha hiyo kwenye kompyuta. "Babu, hii ilitoka na sauti mbili. Thieta kuukuu za spika moja zilipewa sauti yake, na zile mpya za spika mpaka ukuta wa nyuma zilipewa nyingine." Asema wapenzi wa picha hukaa wakazilinganisha, ipi bora. Akanitegea spika, mbili mbele, mbili nyuma.

Ya kwanza ilikuwa yangu: honi yakupasua kifua, husikii kingine. Na kweli ina nguvu, siikatai. Ya pili, honi iko mbali, imepoa, wasikia upepo, wasikia viatu vya watu. Kisha mama. Mara tatu. Mgongoni kwangu.

Nalipiga meza ya kompyuta kofi. Rukia akaruka. "Babu, utaivunja!"

"Ivunjike!"

Najichukia, na nyinyi mwanitia hasira zaidi, na simu zenu, mwamwita mtu mwongo kabla hajafunga mdomo, tena mwacheka. Basi nakuusia. Mtu akikwambia amesikia usichosikia, muulize kwanza alikuwa amekaa wapi. Na ukiulizwa habari ya mposaji, sema tabia yake uijuayo, usiseme kilichochekesha baraza. Mola aufanye ulimi wako mzito kwa watu, na nyumba yako isikose wa kukutilia chai.

Zamani zile, posa iliporudishwa, Hamisi alikuja kesho yake mchana, na nguo za kazi, akasimama mbele ya baraza yetu.

"Umemwambia mzee mimi mwongo?"

"Nimemwambia."

Nalingoja anitukane, nimpate na kosa. Alimtazama Zuhura mlangoni, akageuka, akashika njia ya Makupa itokayo mjini. Hakurudi tena.