Mama Ukungu Hafuti Rangi

Ofisini wanamwita Mama Ukungu, na kama wanadhani wanamkera, wamenoa. Yeye ndiye anayechora ramani za mafuriko, na zote zina rangi ya buluu iliyokolea karibu na mto halafu inapauka taratibu, taratibu, kama ukungu, mpaka huioni. Kompyuta inapiga hesabu za mvua mara mia, na kila mara inakuja na jibu lake. Sasa achague moja awadanganye watu? Thubutu.

Zamani alichora mstari mmoja, safi, unapendeza kweli. Maji yalipokaribia, watu wa mtaa wa chini wakabeba magodoro, majiko, hata bibi zao, wakahamia nyumba za kwanza tu ng'ambo ya mstari. Si ramani imesema maji yanaishia hapa? Lakini maji hayakusoma ramani. Shemeji yake alipoteza kila kitu isipokuwa ulimi: "Nilihamia pale pale ulipochora wewe, shemeji."

Basi juzi bosi kaingia na haraka zake. "Futa huo ukungu. Wakubwa wanataka mstari. Kesho tunatangaza watu wahamie shuleni."

"Shule imo ndani ya rangi, bosi."

"Rangi yenyewe imepauka, hata haionekani."

"Imepauka kwa sababu kwenye mia, maji yanaingia darasani mara ishirini. Mama yako ungemlaza humo?"

"Mama yangu usimlete hapa."

"Basi tuwalaze mama wa wenzio?"

Karani wa meza ya pili akajikoholesha. Bosi akashusha sauti. "Mama, watu wataona hatujui kitu."

"Kuna tusichokijua, ndiyo, na ndicho nimekipaka rangi ili kila mtu akione. Ukitaka mstari, kalamu hii hapa. Chora mwenyewe, uandike na jina lako pembeni."

Bosi akaichukua kweli. Akaiweka juu ya shule, akaisogeza chini kidogo, akairudisha. Feni inazunguka na jasho linamtoka. Mama Ukungu kakunja mikono, wala hapepesi macho.

Mwishowe bosi akaitua kalamu. "Lile ghala la kilimani, nje ya rangi, lina vyoo?"

"Viwili. Kimoja hakina mlango."

"Watu watakilalamikia kile kilima."

"Wapande wakilalamika," akasema Mama Ukungu, akabonyeza kuchapa. Ramani zikaanza kutoka, na buluu yake yote.