Mpaka Viazi Viive

Visitación Urbina alizivisha chupa nguo za waya kwa miaka thelathini na moja. Alifuma wavu mwembamba wa rangi ya dhahabu kuizunguka kila chupa ya mvinyo mwekundu wa miaka mingi, ili mjanja asiifungue akatia takataka zake na kuiuza kwa jina la wenyewe. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na vidole vyake vilijaa makovu ya waya.

Miaka yote hiyo hakuwahi kushuka ghala la chini, yalikolala mapipa. Wazee wa Haro, mji wao huo wa mvinyo huko Hispania, walidai kwamba mwanamke akiingia humo mvinyo hugeuka siki. Visitación aliwaambia wafumaji wenzake watano kwamba kilichogeuka siki ni midomo ya wazee hao.

Hata hivyo, mvinyo wenyewe uliwafuata juu. Chupa iliyovuja kizibo haikuuzwa; ilipewa chumba cha wafumaji, nao waliinywa Ijumaa kwa viazi. Mpishi alikuwa Visitación. Aliwasha vijiti vya mizabibu, akavunja viazi kwa ncha ya kisu ili mchuzi uwe mzito, akatia soseji nyekundu za pilipili, ndipo akafungua chupa na kuiacha mezani. Hakuna aliyeigusa mpaka viazi viive. Mama yake alifanya hivyohivyo, naye hakuona haja ya kuuliza sababu.

Ijumaa moja ya mwaka 1983, Don Crisanto, mwenye kiwanda, alimleta Arteche, mwonjaji wa mvinyo kutoka mji wa Bilbao, aamue hatima ya chupa elfu sita zilizohifadhiwa miaka ishirini na tatu. Arteche alifungua moja, akanusa, akaonja, akatema. Akasema mvinyo umekufa, unanuka kabati la marehemu, na zote zipelekwe zikachemshwe ziwe spiriti. Don Crisanto alikubali kwa unyonge. Chupa hizo zikiondoka, hakuna kitakachobaki cha kuvishwa waya, na wanawake sita watarudi nyumbani mikono mitupu.

Visitación aliyasikia hayo akiwa mlangoni na ndoo ya viazi. Hasira ikampanda. Mvinyo huo alikuwa ameunywa Ijumaa nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka.

"Don Crisanto," alisema, "mwambie mgeni wako asubiri viazi."

Arteche akacheka. "Wewe mfuma waya, umeanza lini kujua mvinyo?"

"Tangu wewe unanyonya, bwana. Huyo wa chupani amefungiwa miaka ishirini na tatu. Wewe mwenyewe ukiamka, kabla hujanawa uso, nani anakusifu?"

Don Crisanto alishindwa kujizuia kucheka. Akaamuru chupa ileile ipelekwe chumba cha wafumaji, na mgeni akaketishwa kwenye benchi kati ya wanawake. Arteche alitazama saa yake, akatazama sufuria, akatazama saa tena. Felisa, mfumaji mkubwa kwa umri, alimshauri amenye vitunguu saumu ili muda usimchoshe. Akavimenya.

Viazi vilipoiva, Visitación alimimina. Ukingo wa mvinyo ulikuwa na rangi ya kigae cha paa. Arteche alinusa, akanusa tena. Chupa ilikuwa imepata hewa, na harufu ya kabati ilikuwa imekwenda zake. Pale palikuwa na cheri zilizokaushwa, tumbaku, ngozi ya tandiko, na utamu mdogo wa mbao za pipa. Alipoonja, ladha ilikaa mdomoni laini kama hariri, ikakataa kuondoka. Safari hii hakutema.

Akasukuma glasi yake mbele.

"Ya kwanza nimekupa bure," Visitación alisema. "Ya pili inaombwa."

Arteche akavua kofia. "Nakuomba, Mama Visitación. Nilikosea."

Visitación alimmiminia tone la mwisho, moyo wake umejaa furaha. Don Crisanto alitangaza kwamba hakuna chupa hata moja itakayochemshwa, kisha akatoa ufunguo wa ghala la chini mfukoni na kuuweka mbele ya Visitación.

"Hii imeisha," alisema. "Shuka ukachague nyingine mwenyewe."

Visitación alifuta mikono kwa aproni, akawaita wenzake. Walishuka ngazi wote sita, wakipiga soga kwa sauti, wakapita katikati ya mapipa yote mpaka ukuta wa mwisho. Mvinyo haukugeuka siki.