Kidole cha Nangila

Watu wa Busia walimwita Karani hata baada ya kumaliza miaka minane bila kukanyaga ofisini. Jina lake lilikuwa Patroba Owor, mzaliwa wa Molo ya huku Uganda, karibu na Tororo, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliandika kesi za watu mahakamani Tororo. Alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga nyumba ya mabati, vyumba vitatu, hapa Busia upande wetu wa Uganda, nyuma ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Mkewe alikuwa amekufa na watoto hawakujaliwa. Ndugu zake wa Molo walisema amewatupa. Nani alimtupa mwenzake mimi sijui. Ninachojua ni kwamba miaka yote hiyo sikuona mtu wa Molo akiegemeza baiskeli kwenye ukuta ule, na baiskeli ngeni hainipiti.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuwaandikia watu wosia. Wazee walikuja kutoka Bulumbi, mwenye wake wawili, mwenye mashamba matatu, akawauliza maswali mpaka wakakasirika. "Ukifa wewe, mama mdogo atalala wapi? Huyu wa mwisho atalima wapi?" Nani anapenda kuulizwa hivyo? Walikuja kwa kujificha, na wakikutana naye sokoni waligeuza uso kana kwamba yeye ndiye atakayewaua.

Huku kwetu karatasi ya kifo cha mtu aliye hai haishikwi ovyo. Tia jina lako pale, kisha mwenyewe afe mwezi ujao, utaona watu watakavyokutazama matangani. Kwa hiyo mashahidi walikuwa adimu kuliko mvua ya Januari. Mara nyingi alishuhudia Karani mwenyewe, pamoja na katekista Ikiring, aliyesema Mkristo haogopi wino.

Nangila alikuwa mjane wa Kisamia, muuza samaki wakavu, aliyepanga chumba cha nyuma kwa Karani. Miguu ya mzee ilipoanza kuvimba alimpelekea uji. Baadaye akamfulia, akamkanda miguu kwa maji ya moto, akamshika mkono kwenda chooni. Akafanya hivyo miaka sita. Hakuwa mkewe. Watu walisema waliyotaka kusema, na mimi nilisema pia, sitajifanya mtakatifu.

Mvua za mwaka wa sitini na nne zilipoanza, Karani aliandika wosia wake mwenyewe. Aliwaalika watu sita, Jumamosi saa tisa alasiri. Ikiring hakuwamo kwa sababu alikuwa Kiyeyi akifundisha ubatizo. Nangila alichinja kuku wawili, akaazima viti kanisani, akavipanga sebuleni.

Nilifika mimi tu. Tulikaa, Karani na mimi, katikati ya viti vitupu, na kila mtu aliyepita nje mzee aliinua kichwa.

"Fundi, hao wengine iko wapi?" Nangila aliniuliza kutoka mlangoni.

"Wanakuja, mama."

Hawakuja. Nilikula kuku, nikala sana, maana mdomo uliojaa hauombwi neno. Tulipomaliza Karani alileta karatasi, kalamu na kidau cha wino. Alitia sahihi yake mbele yangu, taratibu, kwa mwandiko ule wa mahakamani.

"Osborn, tia yako hapa. Shahidi wa pili tutamtafuta."

Nikasema nimeacha gurudumu la mtu kwenye maji. Uongo mtupu. Nikatoka mbio, vidole bado vina mafuta ya kuku wake.

Usiku mzima niliona aibu. Jumapili baada ya ibada nikarudi. Nangila alikuwa kwenye kizingiti akichambua mboga, akaniinulia kidole gumba. Kilikuwa cha zambarau.

"Jana wewe nakimbia," akasema. "Mzee naweka sahihi yake, nakwenda kulala, karatasi nabaki peke yake kama ya mtu hana watu. Mimi nasikia vibaya. Kusoma sijui, lakini kidole niko nayo. Nikaweka."

Alicheka, nami nikacheka. Nikaingia ndani. Karani alikuwa kitandani, karatasi kifuani, na hakuwa akicheka.

"Funga mlango," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nyumba hii nimemwandikia yeye."

"Vizuri, mzee."

"Si vizuri. Shahidi hapokei kitu, Osborn. Sheria ndivyo ilivyo. Anayeandikiwa kitu hashuhudii, na akishuhudia, alichoandikiwa kinaanguka. Nimewaambia hivyo watu wa Bulumbi wote. Yeye sikumwambia, kwa sababu angekataa nyumba."

"Basi mwambie sasa, uandike nyingine."

Niliona macho yake yamejaa.

"Nitaandika nyingine. Lakini kumwambia sitaweza. Hujamwona anavyofurahi? Niliita watu sita, na mtu niliyempata ni huyu ambaye sikumwita. Niende nimwambie kidole chake ndicho kimeharibu?"

Tukapatana. Nitie sahihi ile ya kwanza ili Nangila asishuku neno. Mzee ataandika mpya polepole. Ikiring akirudi kutoka Kiyeyi nimlete, tushuhudie sisi wawili wakati Nangila yuko sokoni, mambo yaishe. Nikatia sahihi. Nangila alipoona majina mawili chini ya karatasi alipiga kigelegele peke yake, uani.

Ikiring alirudi Jumatano. Nilimwona akipita na baiskeli yake, mnyororo umelegea, akasimama nikamkazia. Tuliongea juu ya mvua. Sikumwambia lolote. Nilijiambia kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kutia jina kwenye kifo cha mtu mara moja niliweza, mara ya pili, kwa mtu yule yule, moyo ulikataa. Karani aliniita mara mbili kutoka dirishani. Mara zote mbili niliinua spana, maana yake nina kazi.

Siku ya kumi na moja baada ya chakula kile, alifariki. Nangila ndiye aliyemfumba macho.

Watoto wa kaka yake walikuja kutoka Molo na lori, wakambeba. Baada ya matanga wakarudi kwa ajili ya nyumba. Nangila akapeleka kasha la karatasi za mzee kwa hakimu, asijue zimeandikwa nini. Ndani kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina langu na kidole cha Nangila. Ya pili ilikuwa imeandikwa yote, safi, mpaka mstari wa mwisho, na chini ameacha nafasi ya majina mawili.

Hakimu aliongea Kiingereza kirefu. Mkalimani alikuwa amechoka, akasema kwa kifupi kwamba mzee alitaka kumpa mama huyu nyumba, lakini sheria haikubali, nyumba iende kwa ndugu. Nangila alisikia neno moja tu katika hayo yote. "Alinipa nyumba?" alikuwa akiniuliza njiani tukirudi. "Mimi? Mzee alinipa nyumba?"

Siku hizi amepanga chumba karibu na soko la samaki. Katika ile nyumba wameweka wapangaji, na wale wa Molo hawaonekani. Mwezi uliopita aliniuliza tena.

"Fundi, karatasi ya mzee ilikosa nini? Kidole yangu mimi naweka vizuri."

"Uliweka vizuri, mama. Ni sheria tu."

"Wacha wachukue nyumba," akasema. "Mzee hakukosa mtu. Watu tano nakataa, lakini sisi wawili nakubali."

Sasa kila Ijumaa, akitoka sokoni, hupita kibandani na kuniachia samaki wawili waliofungwa kwenye jani la mgomba. Anasema ni kwa sababu sikumtupa mzee. Nawapokea, namshukuru, na akishapinda kona nakaa nao mapajani mpaka mtu mwingine aje na pancha.