Mzigo Uliokaa Mkiani

Mjomba wangu ameendesha malori miaka ishirini na sita, na kila mlinzi wa geti la ghala letu la saruji anamwita Taratibu. Hupanda kwenye kebini kama mtu anayeingia nyumbani kwa wakwe, viatu amevipangusa kwanza. Kabla ya safari huchuchumaa nyuma ya tela na kuyatazama matairi, moja baada ya jingine. Yeye ndiye aliyeipeleka ofisini barua yangu ya kuomba kazi, ameikunja ndani ya leseni yake isije ikachafuka. Ndivyo nilivyopata ukarani wa upakiaji, mimi na stashahada yangu na maneno yangu mengi juu ya haki za wafanyakazi.

Jumanne ile malori manne yalikuwa yanasubiri uwanjani. Ili foleni ipungue, niliwaruhusu wapakiaji warundike mifuko nusu ya nyuma ya tela, karibu na mlango, badala ya kuifikisha mbele. Mjomba akachuchumaa.

"Mpwa wangu, matairi ya nyuma yamejaza tumbo. Hebu wasogeze mifuko mbele."

"Mjomba, uzito wa jumla haujafika kikomo. Hesabu hii hapa."

"Sibishani na hesabu yako. Nasema mzigo umekaa mkiani."

"Taratibu ana mizani machoni," mpakiaji mmoja akasema. "Mzee, ukingoja tusogeze, utafika mwakani."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Mjomba akanitazama kidogo, akafunga turubai, akaondoka.

Saa nane mchana akapiga simu kutoka kwenye mizani ya barabara kuu. Uzito wa jumla ulikuwa sawa, ila ekseli za nyuma za tela zilizidi kwa tani moja na nusu. Lori limezuiwa mpaka mzigo upangwe upya. Nilisikia anavyohema, alikuwa anabeba mifuko mwenyewe, na miaka yake hamsini na minane. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwambie meneja nitachelewa."

Kwenye kampuni yetu, fomu ya tukio ina mstari mmoja tu wa "aliyehusika", na anayeandikwa hapo hufukuzwa. Siku zote huandikwa dereva. Tajiri anayetaka safari nyingi hayumo, aliyepanga mzigo hayumo. Mara ngapi nimesimama kantini nikauita uonevu? Lakini meneja aliponisogezea fomu na kusema, "Andika dereva hakukagua mzigo, tumalize," niliandika.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mjomba akitoa vitu vyake kwenye kebini: blanketi, kioo cha kunyolea, chupa ya chai.

"Nimeonyeshwa ile karatasi," akasema. "Mwandiko nimeujua. Ni uleule wa barua niliyoibeba."

"Mjomba, mimi..."

"Shika hii chupa, isianguke."

Niliishika. Bado ilikuwa na joto. Laiti angenitukana, matusi ningejua pa kuyaweka.

Nikaenda ofisini na chupa yake mkononi, nikaomba fomu mpya. Niliandika kwamba dereva alikagua, akaonya mbele ya wapakiaji, karani akakataa. Kwenye mstari wa aliyehusika nikaandika cheo changu.

"Unajua maana yake?" meneja akauliza.

"Najua. Na wewe ongeza mstari wako, unayetaka malori manne yatoke ndani ya saa mbili."

Hakuongeza. Aliisoma tena, kisha akagonga muhuri, akaniambia nimwachie funguo za ghala.

Nilipomaliza kukabidhi ghala na kutoka, mjomba alikuwa ameshaitwa na kurudishiwa lori. Nikampa chupa yake getini.

"Asante," akasema, akaenda kuchuchumaa nyuma ya tela.

Safari hii hakuniita "mpwa wangu".