Manjano Mguuni mwa Baba

Hata leo, nikipita karibu na jiko la watu nikanusa manjano mabichi yanayotwangwa, huharakisha hatua. Wengine harufu hiyo huwakumbusha pilau na arusi. Mimi hunirudisha Tingi, kijiji chetu nyuma ya Kilwa Kivinje, mwaka ule Wajerumani walipotutia sote katika shamba la pamba.

Katika shamba hilo baba yangu, Selemani, alichomwa na kisiki. Kijiti kiliingia chini ya kisigino kikavunjikia ndani. Kufikia siku ya tatu mguu ulikuwa umetuna, ngozi iking’aa kama bilingani, na ukisogeza kiganja ulihisi joto kabla hujaugusa.

Aliyemwuguza ni dada yake mkubwa, shangazi yangu Bi Mwanaidi, mwanamke mkavu wa maneno, aliyeyajua majani ya porini kama wengine wajuavyo jamaa zao. Kila asubuhi alichovya kidole katika masizi ya chungu, akachora mstari kuuzunguka ukingo wa uvimbe, ili kesho yake ajue kama umesonga mbele au umerudi nyuma. Kisha alibandika uji mzito wa mtama, wa moto, pale palipoingia kijiti.

“Unaniunguza, dada!”

“Lia tu. Tangu ulipotahiriwa kijiji kizima kinakijua kilio chako.”

“Na yale manjano yapozayo, unamwekea nani?”

“Yatakuja. Kwanza kijiti kitoke.”

Manjano hayo, yaliyosagwa katika mafuta ya mbarika, yalikuwa katika chungu kidogo juu ya kichanja. Shangazi alininyooshea kidole chake cheusi kwa masizi: nisikiguse. Kwa nini kijiti kitoke kwanza, hakunieleza, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku zile hewa yenyewe ilikuwa nzito. Watu wazima walinyamaza watoto walipokaribia. Wageni walishuka kutoka milima ya Umatumbi, wakala bila kusema waendako, wakaenda zao. Ikanong’onwa habari ya maji yageuzayo risasi. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilidhani nchi nzima imevimba kama mguu wa baba.

Siku ya tano shangazi aliitwa kijiji cha pili kuzalisha. Adhuhuri akafika mjumbe wa akida, msimamizi wetu kwa niaba ya Wajerumani. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

“Selemani, kesho shambani. Asiyekuja ni hamsa ishirini.”

“Huuoni mguu huu?”

“Mimi nauona. Akida hajauona.”

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Jirani yetu alikuwa amevionja, akarudishwa amebebwa kitandani, kifudifudi.

Mjumbe alipoondoka, baba alielekeza kidole kwenye kichanja. “Mama,” aliniita, maana nilirithi jina la mama yake, “nishushie kile chungu.”

“Shangazi amekataza.”

“Shangazi yako hatapigwa kesho. Nitapigwa mimi.”

Nikakishusha. Nilipaka kwa mikono miwili, kwa wingi, nikafunika kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, nikafunga kitambaa. Jioni nikapaka tena. Asubuhi tulipofungua nilipiga kigelegele: joto limepungua, ngozi imekunjamana, na uvimbe umerudi ndani ya mstari wa masizi kwa upana wa vidole viwili. Baba alikanyaga chini, akacheka.

“Umemshinda shangazi yako!”

Akaenda shambani kwa miguu yake mwenyewe.

Alichuma pamba siku mbili. Ya tatu alirudi mchana, meno yakigongana kwa baridi juani. Kisigino kilikuwa kimya. Ugonjwa ulikuwa umepanda hadi pajani. Shangazi, aliyekuwa amerejea, alifungua kitambaa, akaitazama mikono yangu iliyobaki na rangi ya manjano. Alikipasua kisigino, kijiti kikatoka na maji yanukayo. Kilitoka kimechelewa. Ijumaa tulimzika baba.

Matanga hayajaondolewa, watu wa milimani wakashuka, wakang’oa pamba ya serikali shina kwa shina. Wote walitoka nje kutazama. Shangazi alibaki nami ndani, na hapo ndipo alipolitaja jambo lile, mara ile moja tu.

“Wangempiga, mwanangu. Mgongo ningeuponya.”

Ukubwani, kwa kupenda kusoma vitabu vya tiba, nilijifunza kwamba damu ina chembe nyeupe zinazokimbilia palipoingia adui. Joto na uvimbe ni kishindo cha kazi yao. Nilijifunza pia kwamba mimea mingine ina nguvu ya kukituliza kishindo hicho. Ni neema, adui akiwa ametoka. Kama ni manjano yaliyomwua baba, au ni mguu uliolazimishwa kwenda, siwezi kuapa, wala simwamini awezaye. Najua tu kwamba nilitaka asiumie, nikadhani kutoumia ndiko kupona. Na kosa hilo nimewaona watu wenye ndevu wakilifanya, nao hawana udhuru wa utoto.

Lakini shangazi naye ana sehemu yake, Mungu amrehemu. Alinipa katazo, sababu akabaki nayo. Lau angeniambia asubuhi ile, kabla ya kushika njia, kwamba mguu uliotulizwa kijiti kikiwa ndani huua, lakini mgongo uliopigwa hupona, ningekiacha chungu juu ya kichanja, baba akapigwa, nami nikamlilia akiwa hai.