Miduara ya Nambari Kumi na Tisa

Jumatatu kaka yangu alimpigia mama simu, akamwambia kwamba Jumapili atatangazwa mchezaji bora. Nilikuwa nimekaa kitandani nikikunja nguo. Nilimsikia mama akipiga kigelegele huko Tanga, kisha akimwita jirani aje asikie. Kaka akacheka, akanigeuzia simu.

"Msalimie karani. Yeye ndiye aliyehesabu."

Ni kweli, nilihesabu mimi.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Timu ni ya laoban mmoja, ndivyo tunavyomwita bosi hapa Guangzhou. Anauza jezi na kofia Shahe, soko ambako mimi na kaka tunawachagulia nguo wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja. Aliwakusanya wauzaji, wapakiaji na wateja wake, na kila Jumapili mchana wanacheza katika uwanja wa shule moja upande wa Baiyun, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu. Wachina hawayawezi majina yetu na sisi hatuyawezi yao, kwa hiyo kila mtu anaitwa kwa nambari ya mgongoni. Kaka ni nambari nane.

Mwaka uliotangulia walimchagua mchezaji bora kwa kura, na kila kundi likamchagua mtu wake. Walikaa wiki kadhaa bila kusalimiana. Safari hii laoban hakutaka kura. Alituonyesha kwenye simu yake jedwali la wachezaji wa Marekani, tarakimu juu ya tarakimu, sikuelewa hata safu moja. Alieleza kwa Kichina cha sokoni, kaka akanifasiria: siku hizi kule hawamtazami tu anayepiga mpira mbali. Wanauliza, mtu huyu akitolewa, nafasi yake akapewa yeyote aliyekaa benchi, timu itapoteza kiasi gani? Kisha laoban akaninyooshea kidole. Alisema nahesabu nguo bila kukosea, na siongei.

Nilitamani kukataa, ila hata kukataa kunataka sauti. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Nikimaliza neno moja, mchezo umeshafika mbali. Kwa hiyo nilijitungia alama. Mpigaji akipiga na kufika kituo cha kwanza, nilichora mstari. Akitolewa, nukta. Kuna pia njia ya tatu: mrushaji akirusha mipira minne mibaya na mpigaji asiiguse, anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu. Hapo nilichora mduara.

Msimu ulipokwisha nilihesabu kwa njia ninayoijua. Sisi nguo tunazihesabu kwa korija, vipande ishirini ishirini. Nikazifanya zamu ishirini za kupiga kuwa korija moja, nikatazama ndani yake mna mistari mingapi. Miduara niliiacha nje. Hata sikufikiri. Muuzaji akikupa fulana moja ya nyongeza, huichanganyi kwenye korija, unaiweka kando. Kaka ndiye aliyenifundisha hivyo siku yangu ya kwanza Shahe, na nilipokosea alinipiga kikofi cha mkono. Kwa mistari peke yake, kaka aliongoza, saba kwa korija. Nikamwambia. Naye akampigia mama.

Alhamisi asubuhi mama mmoja wa Unguja, mteja wetu wa siku nyingi, alitaka suruali. Muuzaji akataja bei. Mama akanyamaza, akapapasa mshono. Muuzaji akashusha. Mama akatazama duka la pili. Kando yake kijana mgeni aliidaka kila bei aliyotajiwa: "Sawa, sawa, funga!" Mwishowe mama aliondoka na bei yake na suruali mbili za nyongeza. Kijana hakupewa hata mfuko.

"Mama, una bahati," nilimwambia tukifunga mzigo.

"Bahati ipi, mwanangu? Kila siku iwe yangu mimi tu? Nawaacha waseme mpaka wachoke."

Mikono yangu ilisimama kwenye kamba. Nilikuwa nimemkumbuka nambari kumi na tisa.

Huyo ni mtu mzima wa Lubumbashi, mnunuzi wa jinzi, ambaye huja uwanjani akitoka kusali, viatu vikiwa bado vinang'aa. Hapigi mbali. Wenzake humzomea, "Babu anatembea tena!" na kaka husema, "Yule hachezi, anapanga foleni." Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini haigusi mipira mingine. Alinijibu bila kugeuka, akiniita binti mdogo kwa Kifaransa, "Ule haiko wangu, petite. Naachaka."

Nilikaa juu ya marobota nikafungua daftari. Safu yake ilikuwa miduara mitupu, kama mtu aliyemwaga vifungo. Nikahesabu upya, safari hii nikiiingiza miduara ya kila mtu. Kaka alibaki na saba. Kumi na tisa alifika tisa. Nikarudia mara mbili, nikiomba nimekosea. Kisha nikatafuta Jumapili mbili alizokuwa safarini Kongo, alipochukua nafasi yake mtu wa benchi. Nukta, nukta, nukta.

Hakuna aliyejua maana ya miduara ile isipokuwa mimi. Ningenyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Ijumaa kaka aliniuliza ni vizuri zaidi asimame na gongo la kupigia mpira begani au mkononi, kwa maana picha ya mshindi ingetundikwa mlangoni mwa duka la laoban mwaka mzima. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chai. Mama alituma ujumbe wa sauti kwamba ameshawaambia wanawake wa chama chake chote. Jumamosi kaka alipiga jezi pasi, nami nikakaa dirishani, chini yangu barabara ya Huanshi Zhonglu ikipiga honi, nikiandika kwenye daftari ukurasa safi wa matokeo, miduara ikiwemo. Ulinichukua mchana mzima. Juu kabisa niliandika kumi na tisa. Nilipomaliza, kidole cha shahada kilikuwa kimekufa ganzi, na bado sikuwa nimesema neno.

Jumapili kaka aliliweka daftari kwenye mkoba wake mwenyewe. Yeye ndiye angesoma, kwa sababu mbele za watu sauti yangu hupotea. Hakulifungua njiani. Alijua kilichomo, au alidhani anajua. Kila kituo cha treni nilijiambia, nitamwambia kituo kijacho.

Laoban akapiga filimbi, watu wakakaa kwenye majani. Kaka akasimama na jezi yake iliyonyooka, akafungua ukurasa. Niliona midomo yake ikianza kutabasamu, kisha ikakoma. Ndege ikapita, tukaingoja.

"Hii miduara ni nini?" aliniuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote.

"Vituo vya bure."

"Nilikufundisha nini kuhusu nyongeza?"

"Si nyongeza," nilisema, na sauti ilitoka ndogo kama ya mgonjwa. "Anaingojea."

Laoban akaanza kutuhimiza, "Kuai, kuai!" Kiswahili hakukijua. Kaka angeweza kutamka nambari yoyote, na mimi nisingethubutu kumkanusha. Niliinamisha kichwa, nikavitazama viatu vyake. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kitambaa cha kiatu.

Akasema kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili, "Nambari kumi na tisa."

Watu wakacheka. "Nani, Babu wa foleni?" Mwenyewe akasimama nusu, akakunja uso: "Munanicheka?" Laoban akalichukua daftari, akamuuliza kaka maana ya alama zile, akaipitia miduara kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Hakucheka. Akamwita mpiga picha.

Kwenye treni kaka alinipa simu. "Mpigie mama. Si wewe karani?"

Nikapiga. Mama akauliza nani amemshinda mwanawe.

"Mzee mmoja wa Kongo."

"Anapiga kuliko kaka yako?"

"Hapana, mama. Anaacha."

"Anaacha nini?"

Kaka alikuwa amegeukia dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa handaki. Mpaka Jumatano neno pekee aliloniambia lilikuwa "Lete mkasi."

Jumapili iliyofuata, katika mchezo wa kujifurahisha tu, kaka alipoingia kupiga, mpira wa kwanza ulikuwa wa aina ile anayoifyatua mpaka uzioni. Akauacha. Akauacha wa pili, akanitupia jicho. Aliiacha yote, mibaya na mizuri, mpaka mizuri ikafika mitatu na mwamuzi akamtoa, gongo likiwa halijasogea hata kidogo.

"Nane! Umelala?" wenzake walipiga kelele.

Akaja moja kwa moja hadi nilipokaa. "Haya, andika!"

Nikachora nukta. Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu akihema, akilitazama daftari juu ya bega langu.

"Ule wa pili ulikuwa mbaya, au sivyo?"

"Ulikuwa mbaya."

"Nilijua," akasema, akaenda kunywa maji.