Sala ya Kujifichia

Mwaka wa pili nikimtunza mama mmoja mzee, nyumbani kwa binti yake kule ng'ambo, mjini Germantown, nilikuwa nishazizoea sheria za nyumba. Usifunge mlango wa chumba alimo. Usimguse kutoka nyuma. Mgeni akibisha, kwanza mwambie Mama ni nani anayebisha, ndipo ufungue. Binti alinieleza hayo siku yangu ya kwanza, funguo za gari mkononi, tayari amechelewa kazini kwake, mji wa Sterling.

"Ni Myahudi wa Poland," aliniambia. "Wazazi wake waliuawa na Wanazi. Yeye alifichwa shambani kwa watu. Zaidi ya hapo hajawahi kusimulia, nasi tuliacha kumuuliza."

Alasiri moja ya Februari mlango uligongwa kwa ngumi. Nilifungua bila kumwambia Mama kwanza, na kabla sijasema karibu, fundi wa gesi alikuwa amekwisha kuingia ukumbini, buti nzito, koti lenye mistari ya kung'aa, kipimo cha kunusa gesi kikilia mkononi. Majirani walikuwa wamelalamikia harufu ya gesi.

"Tokeni nje sasa hivi," akasema. "Msiwashe taa, msizime, msiguse chochote. Kuna nani mwingine humu?"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Sijui aliinukaje kitini peke yake. Miguu ameibana pamoja, viganja ameviunganisha kifuani, macho yametua kwenye buti za yule fundi. Akaanza kusema. Hakikuwa Kiingereza, na neno hata moja sikulielewa. Lakini mwendo wake niliujua, pale sauti inapopanda, pale inapotua, na lile jina mwanzoni. Nimeisema tangu sijaota meno ya pili. Ilikuwa Salamu Maria.

"Mama, twende," nikasema.

Hakusogea. Alifika mwisho, akaanza upya, upesi zaidi. Nikamshika mkono, ulikuwa mgumu kama mpini. Fundi akapaza sauti, "Bibi, sasa hivi!" na kila alipopaza, Mama aliongeza mbio. Kipimo kikazidi kulia. Nikawaza nimbebe, nikakumbuka nyonga yake iliyotiwa chuma.

"Nyamaza wewe, rudi nyuma," nikamwambia fundi. Akarudi hatua moja tu.

Basi nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Mama alipofika katikati ya sala, pale ambapo wengine huitikia, nikaitikia. Kwa Kiswahili, sauti ya chini, kama tulivyoitikia kwetu Nyeri kila jioni. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Nikapiga hatua, naye akapiga. Tukatoka hivyo, yeye nusu yake, mimi nusu yangu, mpaka barabarani kwenye baridi, yeye akiwa na slipa tu miguuni. Nikamfunika kwa sweta yangu.

"Nilikosea mahali?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Bomba lilikuwa limepasuka kwa jirani. Mpaka linafungwa, binti alikuwa ameshafika na kumkalisha Mama garini, hita imewashwa. Yule fundi, kwa nia njema kabisa, akamwambia binti kwamba sala ndiyo iliyotutoa.

Binti akanigeukia. "Umemsalisha mama yangu sala ya Kikristo?"

Akaniambia nikusanye vitu vyangu mara tutakaporuhusiwa kuingia. Sikumlaumu. Mtu angemfanyia mamangu hivyo, ningesema makubwa zaidi.

"Si yeye," Mama akasema kutoka garini. "Nilifundishwa kabla hajazaliwa."

Akatusimulia, mlango wa gari ukiwa wazi. Mwanamke aliyemficha alimfundisha sala hiyo jikoni kwake, mwiko mkononi; akikosea neno, mwiko ulimshukia vidoleni. Wakaja wanaume watatu wenye sare. Mmoja akamwinamia, akamwambia asali. Alikuwa na miaka sita. Akasali bila kosa, wakaondoka. Vita vilipokwisha akaja mwanamume mwingine mwenye buti. Huyo hakumwambia asali. Mama alisali mwenyewe bila kuambiwa, mara tu alipomwona. Yule mwanamume akaanguka magoti akalia. Alikuwa mjomba wake, ndugu pekee aliyebaki, na alikuwa amemtafuta kwa miguu majuma mengi.

"Nilidhani analia kwa sababu nimekosea," akasema. "Baadaye nilipoelewa, niliona haya. Sala ile ya Kikristo ndiyo kitu cha kwanza nilichompa mjomba wangu."

Binti alikuwa amechuchumaa kando ya gari, mkono kwenye goti la mama yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenionea huruma. Nilitaka uniogope kidogo, kama watoto wengine wanavyowaogopa mama zao."

Sikufukuzwa. Binti hakuniomba radhi kwa maneno, ila kesho yake asubuhi alinipigia simu kuuliza kama nataka lifti kutoka stesheni. Hakuwahi kuniuliza hivyo kabla.

Miezi ilipita. Siku moja, nikimchana Mama nywele, nilimuuliza kama yule mwanamke wa shambani alimpenda.

"La, hata kidogo. Akikasirika alininyima chakula." Akaongeza: "Majirani zetu mjini walitupenda sana. Usiku ule Wanazi walipokuja, tulibisha kwao, hawakufungua."

Kisha akasema nipunguze nguvu, chanuo linamvuta.